Aliyemaliza Mstari Wake

Jumapili baada ya ibada, mji wa Mbale hujua kukaa kitako. Maduka ya Wahindi yamefungwa, mashine za kukoboa kahawa zimenyamaza kule upande wa viwandani, na wingu limeuegemea mlima Wanale kama mtu aliyekula akashiba. Hapo ndipo benchi la barazani kwa Jashbhai, kwenye kona ya njia iendayo Nabuyonga, hupata watu wake. Sulait, muuza kahawa, huweka jiko lake la makaa mwisho wa baraza. Watu humwita Redio, na tofauti yake na redio ya kweli ni kwamba yeye betri haziishi. Afande Ojok, askari wa gereza kutoka Lango kule kaskazini, anayeitwa Funguo, hukaa ncha ya benchi, mgongo wima hata siku ya mapumziko. Jashbhai mwenye duka, yaani Mizani, hujiletea kiti chake cha kamba kutoka ndani kwa sababu kiuno chake hakipatani na mbao. Na katikati hukaa Mwalimu Alfayo wa darasa la sita. Jumapili hiyo alikaa katikati kama siku zote, lakini alikuwa ameishika kahawa yake kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake.

— Mwalimu, hiyo kahawa unainywa au unaisomea dua? Sulait akauliza.

— Nainywa.

— Tangu lini? Funguo nimeshamjazia mara mbili.

— Wewe mwache, akasema Ojok. Mtu akiwa na kesi hapana kunywa haraka. Mimi naona hao kila siku.

— Nani kakwambia ana kesi?

— Wewe. Jana. Sokoni. Mbele ya watu.

Sulait akainama kupuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

— Hakuna kesi, akasema Alfayo. Ni mtihani tu.

— Mtihani si ilikwisha Ijumaa? Jashbhai akauliza.

— Ulikwisha vibaya. Karatasi zote za darasa langu zimefutwa. Watoto wanarudia kesho asubuhi. Na wakifanya tena walichofanya Ijumaa, hakuna hata mmoja atakayekwenda junia, shule ya kati, mwaka huu.

— Waliiba? Ojok akauliza, na sauti yake ikawa ya kazini kidogo.

— Hapana, afande. Walisaidiana.

Alfayo aliona nyuso tatu zikimgeukia, akajua hatanusurika bila kueleza. Akaeleza.

Zamani, mtoto wa darasa la sita aliandika insha, akafanya hesabu, akaulizwa maswali ya mdomo, na aliyempima alikuwa mtu anayemjua. Mwaka ule wakubwa wa elimu walikuwa wanajaribu karatasi ya namna nyingine: maswali mafupi mengi, mengine ya maneno, mengine ya michoro mitupu, na kila swali lina majibu manne chini yake. Mtoto achague moja, atie alama, aendelee, saa inahesabu. Karatasi ileile ilikuwa ikifanywa Mbale, Jinja na kwingineko, kwa muda uleule, na atakayefanya vizuri apate nafasi katika junia ya bweni kule Jinja. Msimamizi aliyekuja alikuwa Mwingereza kijana, mpole, aliyewatakia watoto heri kwa Kiswahili cha kitabuni.

Watoto walianza vizuri. Wa kwanza kumaliza alikuwa Night, binti wa mama mmoja wa huko mlimani, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa usiku. Night aliweka kalamu chini, akainuka bila woga wala siri, akaenda kukaa dawati moja na Jovia, mwenzake aliyekuwa bado nyuma, akaigeuza karatasi ya Jovia, akaanza swali la mwisho. Jovia yuko juu anashuka, Night yuko chini anapanda. Kisha akainuka wa pili aliyemaliza. Kisha wa tatu. Msimamizi alipopaza sauti, watoto walimtazama kwa mshangao, na mmoja akamwambia kwa adabu kabisa asiwe na wasiwasi, watamaliza wote kabla ya kengele.

— Loo! Sulait akapiga goti lake. Na wewe ulikuwa wapi?

— Nilikuwa mlangoni. Msimamizi alikuja na masikio mekundu, akaniuliza nani amewafundisha hivi. Nikamwambia ni mimi.

— Uongo ulikuwa mahali pake hapo, mwalimu.

— Lakini ni mimi, Sulait.

Na ilikuwa kweli. Alfayo alizaliwa Budaka, kwenye pamba. Siku ya palizi kila mtu hushika mstari wake. Ukifika mwisho hukai kivulini. Unageuka, unaingia mstari wa aliyebaki nyuma, unampalilia kutoka mwisho wake, mnakuja mkitafutana. Majembe yakigongana mnacheka, mnakwenda kula pamoja. Alipopewa darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na kitabu kimoja cha hesabu kikienda mkono kwa mkono, hakuwa na ujuzi mwingine mkubwa zaidi ya huo, akauingiza darasani. Ukimaliza hesabu zako, nenda kampokee mwenzako kutoka upande wa pili. Miaka yote hiyo hakuwahi kumchapa mtoto kwa kuchelewa kumaliza, kwa sababu hapakuwa na aliyechelewa. Shule nyingine zilimwonea wivu.

— Msimamizi angeweza kutufukuza, akasema. Angeweza kuandika vibaya. Badala yake alikaa kwenye gari lake muda mrefu, kisha akarudi akasema, Jumatatu nitaleta karatasi nyingine, tafadhali zungumza nao. Mtu yule namshukuru. Ila sijui nizungumze nini.

— Iko rahisi hiyo, akasema Jashbhai. Mimi naweka gunia moja juu ya mizani, napata uzito. Naweka magunia mawili pamoja, napata uzito, lakini jiwe iko ndani ya gunia gani? Sijui. Serikali nataka kujua jiwe.

— Watoto wangu si magunia, Mizani.

— Hata gunia yangu nasema hivyo ikiona mizani.

Wakacheka, hata Alfayo. Ojok ndiye hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu.

— Nyinyi hapana elewa. Mimi nilifanya mtihani kama hiyo. Vita ya Burma. Afisa analeta ubao iko na matundu, na vipande vya mti. Hii iko duara, hii iko mraba, hii iko kama nyota. Anasema, weka, haraka, wewe peke yako. Anaangalia saa.

— Ukaweka?

— Nikaweka polepole. Mtu ya haraka, wakafanya yeye dereva. Mtu ya polepole, wakafanya yeye mpishi. Mimi nikawa mpishi. Na ile dereva, wiki ya kwanza, akaingiza lori ndani ya mto.

— Kwa hiyo? Alfayo akauliza.

— Kwa hiyo mtihani hii natafuta watu ya kuingia mtoni. Waambie watoto wafanye polepole.

— Subirini, subirini, akasema Sulait, ambaye kimya kilikuwa kimeanza kumuumiza. Nyote mko mbali. Mambo yote haya yako Jinja, kwenye bwawa. Mmeona umeme ule? Mtu mmoja anashika kitufe kimoja, Kampala nzima inawaka. Sasa umweke mtoto wa Mwalimu Alfayo pale. Amewasha cha kwake, amemaliza. Atafanya nini? Atainuka aende kumsaidia mwenzake kuwasha! Kitufe kimebaki peke yake! Kampala giza, hospitali giza, gavana anakula chakula chake gizani hajui kama ni nyama au ni kitambaa cha meza. Ndiyo maana wanataka mtoto anayeweza kukaa na kitufe chake bila kumwonea huruma mtu yeyote.

— Nani amekwambia?

— Hilo halihitaji kuambiwa. Na karatasi hazisomwi na watu, jamani. Zinakwenda Ulaya kwa meli. Kuna mashine inayozila. Ikila karatasi yenye mkono wa mtu mmoja, inatoa namba. Ikila yenye mikono miwili, inavimbiwa. Ya darasa la mwalimu ingeila, ingelipuka, na vita vya tatu vingeanzia hapa Mbale.

— Sulait, Jashbhai akasema, wewe mtihani yako nani alisimamia?

— Mimi sikusoma shule hizo. Ndiyo maana nafikiri vizuri.

Alfayo alikuwa akiwasikiliza kwa moyo wa shukrani ambao hakuutegemea. Walikuwa wanasema upuuzi, lakini walikuwa wanausema kwa ajili yake. Tena katika kila upuuzi aliona pembe ya jambo analolitafuta: jiwe lililo ndani ya gunia, mtu aliyeambiwa ahesabiwe peke yake, mtoto asiyeruhusiwa kuona huruma. Alichokosa ni jambo lenyewe.

Mlango wa nyuma ya benchi ukafunguka, akatoka Savita na sahani ya ganthia, vitafunwa vya unga wa dengu. Savita alikuwa mpwa wa Jashbhai, mwalimu wa shule ya Wahindi kule Jinja, aliyekuja Mbale kwa harusi ya binamu yake. Alizaliwa Buwenge, nyuma ya duka, na Kiswahili chake alikiokota mlemle alimookota Kisoga, kwa watoto wa jirani.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Dirisha liko wazi, na Bwana Sulait hana sauti ya chini. Mwalimu, naomba kuuliza kitu.

— Uliza, binti.

— Karatasi hiyo, wewe umewahi kuifanya?

— Nilisimama mlangoni Ijumaa.

— Kuifanya. Kukaa chini, na kalamu.

Alfayo akaweka kikombe chini.

— Hapana, akasema. Hakuna aliyeniambia niifanye.

— Sisi Jinja walitujaribu nayo kabla yenu, huu ni mwaka wa pili. Nina karatasi za mazoezi ndani, nimekuja nazo nizisahihishe. Ukitaka, nakupa moja safi.

Alfayo alihisi macho ya Ojok upande mmoja na ya Sulait upande wa pili. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Sokoni, watu wazima wenye ndevu walimwamkia kwa sababu aliwafundisha kuandika majina yao. Msichana huyu alikuwa rika la kitinda mimba wake. Angeweza kusema, siku nyingine, binti, macho yangu leo yamechoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Jashbhai alishaanza kumtolea udhuru huo huo.

— Mwalimu iko na macho ya kuchoka, Savita. Mwache.

— Macho yangu mazima, akasema Alfayo. Nipe, mwalimu.

Savita alishtuka kidogo kuitwa hivyo na mtu yule. Akaingia ndani, akatoka na karatasi, kalamu ya risasi na saa ndogo ya mezani.

— Masharti ni matatu tu, akasema. Unaanza nikisema, unaacha nikisema, na hakuna wa kumsaidia. Bwana Sulait, unasikia?

— Kwani nimesema kitu?

— Bado.

Alfayo akaanza. Maswali ya hesabu aliyapita kama mtu apitaye kwenye uwanja wake mwenyewe. Ya maneno yalikuwa ya Kiingereza, akayapita kwa kuchechemea kidogo. Kisha akafika kwenye michoro. Palikuwa na kisanduku chenye mkia. Kisanduku cha pili kilikuwa kilekile, mkia umekwenda upande. Cha tatu, mkia uko chini, na ndani kumeingia doa. Kinachofuata ni kipi kati ya hivi vinne?

Akakitazama. Hajawahi kufundisha kitu kama hicho wala kufundishwa. Kila alichokijua maishani kilikuwa na mahali kilikotoka, na hiki hakikutoka popote. Akaona shingo inamtoka jasho. Saa ilikuwa inagonga. Watu aliokaa nao kila Jumapili walikuwa karibu kiasi cha kuguswa, na akajiona yuko mbali nao kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Jovia, akawaza. Hivi hasa.

Akarudi kwenye mkia. Upande huu, kisha huu, kisha chini. Unazunguka. Basi hapa ungekuwa, ngoja, na doa je, doa linaingia na kutoka? Kitu kikaanza kusogea kichwani mwake, polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua.

— La tatu! Sulait akapiga kelele. La tatu, mwalimu, liko wazi, weka la tatu!

— Redio! Ojok akaunguruma.

— Nilijizuia, wallahi nilijizuia mpaka kifua kikauma!

Savita akanyoosha mkono, akaichukua karatasi.

— Imefutwa, akasema, akashindwa kuzuia kicheko.

Wakacheka wote mpaka mbwa wa Jashbhai akaamka. Alfayo alicheka zaidi ya wote, akafuta macho kwa leso. Savita akaiangalia karatasi tena.

— Mwalimu, umetia alama kwenye la tatu.

— Nimetia.

— Jibu ni la pili.

— Najua. Nilikuwa nalikaribia. Lakini Sulait amejitaabisha kwa ajili yangu, ningewezaje kumwacha hivihivi? Nimetia la tatu kwa heshima yake.

Sulait akashika kifua, hajui afurahi au aone haya. Alfayo akaitazama karatasi mkononi mwa Savita. Maneno aliyoyasema kwa mzaha yalikuwa yamemgeukia.

— Nilikuwa nalikaribia, akasema tena, sasa kwa sauti nyingine. Kidogo tu nilishike mwenyewe. Na alipolisema yeye, likaondoka. Hata kama angesema la kweli, lingeondoka.

Akaikunja leso, akaitia mfukoni.

— Jovia yule, akaendelea. Yuko kwangu mwaka wa tatu, nimepanda naye tangu la nne. Karatasi zake zinakuja zimejaa, safi, nami napita nikifurahi. Ijumaa, kabla Night hajainuka, nilimtazama kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama kwenye hesabu ya kugawanya. Kugawanya kwa kawaida kabisa, kwa darasa la nne. Alikuwa amekwama pale muda wote. Mimi mwalimu wake sikujua. Miaka mitatu watoto wenzake wananipokea kazi hiyo ya kujua, na mimi nasema darasa langu halina anayebaki nyuma.

— Jiwe, akasema Jashbhai kwa upole.

— Ndiyo, Mizani. Isipokuwa si yeye mwenye jiwe. Ni mimi.

— Usijipige sana, mwalimu, akasema Savita. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, sahani ya ganthia magotini, hajaipitisha. Nami nina langu. Darasa langu Jinja, wakimaliza, wanalaza kalamu na kutazama dari. Kila mmoja. Mwaka jana mtoto mmoja alilia mtihani mzima, na hakuna aliyegeuka hata shingo. Nami nilijisifu kwamba darasa langu lina nidhamu. Mpaka leo, nilipokuwa dirishani nakusikiliza, sikuwahi kuona kwamba lile ni jambo la kushangaza.

— Wako hawakukosea, binti.

— Hawakukosea. Lakini nataka unifundishe. Unaanzaje? Mtoto wa kwanza kabisa, siku ya kwanza, unamwambia nini ili ainuke?

Alfayo akamtazama vizuri. Katika maisha yake ya ualimu alikuwa amekaguliwa, amesahihishwa, amepewa maagizo na miongozo. Hakukumbuka siku ambayo mwalimu mwenzake, tena aliyesoma kumpita, alimwomba amfundishe. Akavua kofia, akaiweka juu ya benchi.

— Nakushukuru, akasema. Mara mbili nakushukuru. Kwa ile karatasi, na kwa hilo swali.

— Basi, akasema Sulait, ambaye mambo ya kushukuriana yalimtia wasiwasi, kesi imekwisha. Kesho unawaambia, leo kila mtu na mstari wake, mwisho. Nani anataka kahawa?

— Imekwisha, akasema Ojok.

— Iko kwisha, akasema Jashbhai.

Hata Alfayo alianza kuamini kwamba imekwisha. Alikwisha kuyapanga maneno kichwani: Wanangu, leo ni siku ya kujua kila mmoja anakwama wapi. Yalikuwa maneno mazuri. Alikuwa anayarudia kimoyomoyo alipomwona Eseza, mama yake Night, akishuka njia ya Nabuyonga na kanga yake ya kanisani, anakuja moja kwa moja kwenye baraza kama mtu aliyeambiwa atampata hapo.

Eseza akapiga goti kidogo kuwaamkia, kama ilivyo kwao, akakataa kiti alichopewa.

— Sikai, mwalimu, nina chungu jikoni. Nimekuja kwa ajili ya mtoto. Hajalala vizuri tangu Ijumaa. Anasema amewaharibia wenzake.

— Hajaharibu kitu, mama Night. Mwambie nimesema mimi. Kesho watafanya tena, na safari hii kila mtu atafanya yake peke yake. Hakuna kuinuka.

— Hilo ameshalielewa. Ni mtoto mtiifu. Hatainuka.

— Basi vizuri.

— Ila ameniuliza jambo, nami sikuwa na la kumjibu. Nikasema nitamwuliza mwalimu wake, yeye anajua.

— Uliza tu, mama.

— Anauliza hivi. Kesho akishamaliza ya kwake, na saa bado, na akimsikia Jovia analia hapo pembeni, yeye afanye nini?

— Akae, akasema Ojok mara moja.

— Atakaa, afande. Amesema atakaa. Anauliza, akiwa amekaa, afanye nini?

— Arudie kuangalia majibu yake, akasema Jashbhai.

— Ameshaangalia.

— Asome dua, akasema Sulait.

— Dua ya nani? Eseza akauliza. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua, amwombee Jovia ashinde, au aombe asimsikie.

Sulait akageukia birika. Ojok, ambaye kila usiku hupita kwenye korido yenye milango pande mbili na watu nyuma ya milango, alikuwa anazitazama buti zake. Savita alikuwa ametazama sahani. Jashbhai aliinua kidole kama mtu aliyepata, akakirudisha mapajani.

Wote wakamtazama Alfayo. Alilitafuta jibu kwenye yale maneno mazuri aliyoyapanga, halikuwamo. Akalitafuta Budaka, kwenye mistari ya pamba, nako halikuwako, maana kule hakuna aliyewahi kuambiwa akae. Mwalimu hufunzwa mambo mengi chuoni, na la kwanza, ingawa haliandikwi ubaoni, ni kwamba mbele ya mzazi na mbele ya mtoto, lazima awe na jibu.

— Sijui, mama Night, akasema.

Eseza alimtazama kitambo, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu alipotokea njiani, yakashuka.

— Asante, mwalimu, akasema. Nilidhani ni mimi tu.

Akaanza kuaga.

— Night yuko wapi sasa hivi? Alfayo akamwuliza.

— Yuko kwa kina Jovia. Tangu tulipotoka kanisani. Wamemwaga punje za mahindi chini, wanagawagawa. Kuku wamekwisha kula nusu ya hesabu.

Alfayo akainuka, akachukua kofia yake.

— Mwalimu, unakwenda wapi? Sulait akauliza. Kahawa ndiyo kwanza inachemka.

— Kwa kina Jovia.

— Kufundisha Jumapili?

— Sifundishi. Nakwenda kukaa nao, nione anakwamia wapi.

Akamfuata Eseza kwenye njia ya Nabuyonga. Hawajafika mbali, Savita akaiweka sahani ya ganthia juu ya benchi, akashika ncha ya sari yake, akawakimbilia.